Muhula Niliopunguza Mikono

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa, muhula wa pili. Mvua ilitupiga tangu gwaride la asubuhi na watoto wakaingia madarasani na matope hadi magotini.

Kipindi cha tatu nilikuwa Gredi ya Sita. Ninaandika ngeli ubaoni, nasikia kicheko cha chini kwa chini nyuma yangu. Nageuka, kimya. Narudi ubaoni, kicheko kinarudi. Mara ya tatu niligeuka kabla hawajatarajia. Maimuna, ambaye ni mpole kuliko wote, alikuwa amenyoosha mkono hewani kama anayeandika, na kwa mkono wa pili anaitikisa nyama ya chini ya ule wa kwanza. Nyama yenyewe hana. Alikuwa anatikisa sweta.

"Maimuna, hiyo ni nini?"

Akatazama chini. Aliyejibu ni mwenzake wa dawati, kwa sauti ya kumtetea: "Madam, ni bendera."

"Bendera gani?"

Hakukuwa na haja ya jibu. Nilikuwa nimevaa blauzi ya mikono mifupi, ile ya kijani niliyoshona Pasaka. Nikafuta ubao ambao haujajaa, nikawaambia wasome kimya hadi kengele. Nilikaa kwenye kiti na mikono nimeificha chini ya meza.

Nina miaka arobaini na mmoja. Nimefundisha Kiswahili tangu nikiwa msichana na sijawahi kutaka kulia mbele ya watoto hadi leo.

Jumanne, 29 Aprili

Nimevaa sweta. Mchana jua lilitoka, kali. Sikuivua.

Jumamosi, 3 Mei

Nimenunua tepu ya fundi Malaba sokoni. Nilimwambia muuzaji ni ya mtoto wa shule. Kwa nini nilimdanganya, hata sijui, hakuwa ameuliza.

Nyumba ni tupu. Derrick yuko bweni, na babake, Olinga, ana lori Mombasa, anasubiri kupakia. Hata hivyo nilifunga mlango wa chumba kwa ufunguo. Unapima katikati ya bega na kiwiko, mkono umeuachia unaning'inia. Wa kulia: inchi kumi na sita na nusu. Nikakaza tepu hadi ikaacha alama, ikawa kumi na sita kamili. Hiyo ndiyo niliyoandika kwanza. Kisha nikaona aibu kudanganya daftari langu mwenyewe, nikaikata.

Kiuno sikiandiki.

Jumatano, 7 Mei

Kabichi na yai moja la kuchemsha. Saa sita walimu wote walikula ugali na maharagwe, mimi nikafungua kikopo changu nikiwa nimewapa mgongo. Jioni nilisukuma ukuta kama ile video ya simu inavyoonyesha, kisha chupa mbili za mchanga nyuma ya kichwa, juu, chini. Mikono inatetemeka ninapoandika haya.

Alhamisi, 8 Mei

Siwezi kuinua chaki. Nimewapa insha.

Jumanne, 13 Mei

Nilipeleka kikombe jikoni nikamkuta Anjeline, mpishi wetu, anasonga ugali wa shule nzima. Nimemwona mpishi huyu miaka mingapi, lakini leo ndio nilimwangalia. Sufuria inamfika kiunoni. Mwiko ni mrefu kama mpini wa jembe. Ameushika kwa mikono miwili na kila anapougeuza, misuli inapanda na kushuka chini ya ngozi kama panya chini ya mkeka. Hakuna kinachoning'inia.

"Anjeline, hii mikono umetoa wapi?"

"Kwa huu mwiko, Mwalimu. Unataka nikuazime?"

Alikuwa anatania. Nikavua sweta, mara ya kwanza tangu shule zifunguliwe, nikaushika. Ulizama, haukutoka. Anjeline alicheka hadi akakaa kwenye gunia la maharagwe, na nikashangaa kwamba kicheko chake hakikuniumiza.

"Usivute na mkono," akasema. "Vuta na mgongo. Halafu kesho urudi."

Ijumaa, 16 Mei

Nimerudi kila siku. Nasonga robo, Anjeline anamalizia. Kuna joto la moshi na ananisimulia habari za kwao Busibwabo, jinsi kaka zake walivyogawana shamba wakamsahau kama kiti. Nimeanza kumwita dada. Naye ameanza kuniita hivyo tukiwa wawili tu. Mbele ya watu ananiita Mwalimu.

Jumanne, 20 Mei

Mvua. Kabichi.

Ijumaa, 23 Mei

Leo Anjeline ndiye amenipima, stoo, kati ya magunia.

"Unakaba tepu," akasema. "Achilia pumzi. Unadanganya nani?"

Kiuno kimepungua, nyonga zimepungua, sketi nimeibana kwa pini. Mkono haujashuka hata robo inchi. Nilikuwa nimesoma kwamba mwili unatoa mafuta unapotaka wenyewe na huwezi kuuagiza uanzie wapi, na kwamba kwa wanawake wengi mikono hungoja hadi mwisho. Nilisoma, nikaelewa. Lakini kuiona ile namba, na wiki zote hizi za njaa, nilikaa kwenye gunia nikalia kama mtoto.

"Unalilia mkono?" Anjeline akauliza.

"Huwezi kuelewa. Wewe ni mwembamba."

Akakunja tepu polepole akaniwekea kwenye mapaja. "Mimi nilikuwa mwembamba kuliko hivi, dada. Nilikuwa nabebwa kupelekwa choo. Mkono wangu ungeuzungusha na kidole mbili. Sasa ni mwaka wa tisa nameza dawa. Hii nyama unaona, niliitafuta. Nilikula nikitapika, nikakula tena. Wewe nayo unaitupa."

Sikujua niangalie wapi. "Hapa shuleni ni nani anajua?"

"Ni wewe."

Kisha akaenda kuchochea moto.

Jumatatu, 2 Juni

Inchi kumi na sita kamili, bila kukaza. Nilimkumbatia Anjeline jikoni, akaniambia nimlowanishe kwa jasho kesho, leo amevaa nguo nzuri.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani kasisi alisoma majina ya wagonjwa wa kuombewa. Mzee wa Kajei aliyeanguka na baiskeli. Mama aliyejifungua kwa upasuaji. "Na dada yetu Aguti, wa kwaya, ambaye sote tunaona anavyopitia."

Huyo ni mimi, nimesimama mstari wa mbele na kitabu cha nyimbo. Nikaona nyuso zinageuka, zimelainika. Baada ya ibada mama mmoja alinishika mkono wa juu, akaupima kwa kiganja chake kama anayenunua kuku, akasema, "Jipe moyo. Siku hizi dawa ni nzuri."

Jumatano, 11 Juni

Mama mkwe amekuja kutoka Kocholia na unga wa wimbi na kuku hai. "Yoga," akanisalimia kwa Kiteso, na hakungoja jibu, machozi yalikuwa yameshatoka. Nilimweleza ni mazoezi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anavyomwitikia mlevi. Kisha akaniuliza kama mwanawe anajua.

Jumamosi, 14 Juni

Olinga amepiga simu akiwa Mariakani.

"Mama Derrick, naambiwa umeisha."

"Nimepunguza mwili. Nilikuambia. Ni mazoezi."

"Mtu anafanya mazoezi anabaki na mashavu. Madereva watatu wameniambia. Watatu, na hawajuani. Sasa mimi ninalala barabarani, nachoka, nakuja nyumbani nikute umeniletea nini?"

Yeye ndiye analala kwenye vyumba vya wageni vya mpakani, kila safari, foleni ya malori ikiwa ndefu. Nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nilisema nitaenda kupima.

Nimekwenda Busia mjini, ili nisijulikane. Nimepima. Sina. Nimepiga picha karatasi nikamtumia. Amejibu kwa dole gumba.

Jumatatu, 16 Juni

Mkono wa kulia: kumi na tano. Ungekuwa mwezi uliopita ningeruka. Kwenye kioo nikauinua. Nyama imepungua, lakini ngozi imebaki, inaning'inia kama mfuko uliotolewa vitu. Basi bendera bado ipo, nyepesi zaidi tu, na sasa inapepea kwa raha yake.

Jumanne, 17 Juni

Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda.

Chai ya saa nne, chumba cha walimu. Nilikuwa nimelala vibaya na sikuwa nimekula chochote tangu jana mchana. Naibu, Bwana Omuse, alinipisha mlangoni kwa mbwembwe nyingi, kama anayempisha maiti.

"Madam Aguti, unatuacha pole pole. Si utuambie mapema tuanze kuchanga?"

Walicheka. Hata wale ninaowapenda. Si kicheko kibaya, ni kile cha watu waliokuwa wameshaongea jambo hilo bila mimi na sasa wamepata nafuu kwamba limesemwa. Niliwaangalia mmoja mmoja. Mikononi wameshika vikombe vya chai aliyoipika Anjeline. Mandazi aliyoyakaanga Anjeline. Nikajisikia nasema, na sauti ilikuwa ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma:

"Mimi nimepima Jumamosi na sina kitu. Kama mnatafuta mwenye virusi, mbona hammwangalii anayewapikia?"

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja akaweka kikombe mezani, taratibu sana. Omuse akasema, "Ati nini?" Mmoja mmoja wakatazama dirishani, upande wa jikoni, ambako moshi ulikuwa unatoka.

Na mimi, lazima niandike hivi ilivyokuwa, nilihisi raha. Kwa muda mfupi kabisa hakuna aliyekuwa ananiangalia. Nilikuwa nimesimama chumbani humo na mwili wangu haukuwa habari tena. Kisha raha ikaisha na nikaelewa nimefanya nini.

Nilitaka kusema nimetania. Kengele ikalia, tukaenda madarasani, nikafundisha methali kwa dakika arobaini na sikumbuki hata neno moja.

Saa sita nilienda jikoni kama kawaida. Anjeline alinipa mwiko. "Leo umechelewa, dada," akasema. Nikasonga. Nilisonga hadi mwisho, mara ya kwanza bila yeye kumalizia, na akapiga makofi.

Jumatano, 18 Juni

Birika la chai lilirudi jikoni likiwa limejaa.

Alhamisi, 19 Juni

Hivyo hivyo. Omuse amekuja na chupa yake ya chai kutoka nyumbani.

Jumanne, 24 Juni

Imefika kwa wazazi. Iko kwenye kundi lao la simu tangu jana. Leo watoto wengi wa madarasa ya chini walikuja na vikopo vya chakula, na wale wasio na vikopo walikaa chini ya paa la darasa wakiangalia mvua, wamekatazwa kula. Mwenyekiti wa wazazi, Bwana Ojiambo, amedai mkutano.

Anjeline alinifuata nyuma ya vyoo vya walimu. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Dada, kuna mtu amesema."

Nikapangusa maji ya mvua usoni.

"Sijui ni nani. Nimefikiria hadi kichwa inauma. Labda mtu wa kliniki, labda kuna mtu wa huku aliniona kwa foleni ya dawa. Kwa maana hapa niliambia wewe peke yako, na wewe najua huwezi."

Alisema hivyo akiniangalia machoni. Na wewe najua huwezi. Mvua ilikuwa inatudondokea wote wawili. Ningeweza kusema pale. Hakukuwa na mtu mwingine, na lilikuwa neno moja tu, mimi. Nikasema, "Watu wana midomo, Anjeline."

"Wana," akasema. Kisha akanivuta sweta vizuri mabegani, kwa sababu nilikuwa ninatetemeka.

Ijumaa, 27 Juni

Sijapima chochote. Sijaenda jikoni. Nimesema nina homa.

Jumapili, 29 Juni

Kanisani sikupokea Ushirika Mtakatifu. Nilipowapisha wenzangu waende mezani, yule mama wa siku ile alinipapasa mgongo. Bado anaamini ninaumwa. Nilitamani angekuwa sahihi.

Jumatano, 2 Julai

Mkutano ulikuwa darasa la Gredi ya Nane, wazazi wamekaa kwenye madawati ya watoto. Mwalimu mkuu alikuwa amemwalika afisa wa afya wa wadi. Anjeline alikaa nyuma karibu na mlango, aproni yake bado amevaa.

Ojiambo alisema hana ubaya na mtu. "Lakini mpishi anaweza kujikata. Damu iingie kwa maharagwe. Tunauliza tu. Sisi ni wazazi."

Afisa alieleza kwamba virusi haviambukizwi kwa chakula, hata mtu akijikata, kwamba huwezi kumfukuza mtu kazi kwa sababu hiyo, na kwamba aliyetoa siri ya mgonjwa ndiye amevunja sheria. Aliposema hilo chumba kilianza kunong'ona. Ni nani aliyetoa? Mzazi mmoja akasema ni muuguzi. Mwingine akataja jina la msichana wa kliniki, msichana ambaye sijawahi hata kumwona, akasema ndiye, anajulikana ana mdomo, ashtakiwe.

Nikasimama. Ningependa kuandika kwamba nilisimama kwa ujasiri. Nilisimama kwa sababu sikuweza tena kukaa.

"Si muuguzi," nikasema. "Ni mimi. Anjeline aliniambia kama rafiki. Mlikuwa mnasema mimi ninaumwa kwa sababu nimekonda. Nilikuwa ninapunguza mwili tu. Nilikuwa naona aibu kwa mikono yangu. Basi nikawatupia yeye ili mniache."

Kutamka "mikono yangu" mbele ya watu wazima wale! Kuna mmoja aliyecheka kwa pua. Nikaendelea, kwa vile nilikuwa nimeshafika huko: "Nimesonga ugali naye, kwa mwiko mmoja, tangu Mei. Nimeonja kwa kijiko chake. Nilipima nilipokuwa ninafanya hivyo, na karatasi ninayo, sina kitu. Kama kuna wa kuondolewa hapa, niondolewe mimi."

Sikuthubutu kuangalia nyuma. Nilimsikia tu akisimama, dawati likilia.

"Mimi nimemaliza kusikia," Anjeline akasema. Sauti haikupanda. "Watoto wenu nimewapikia tangu wengine wakiwa hawajui kushika kijiko. Nimeua nani? Mkimaliza mtaniambia. Maji yangu yamechemka."

Akatoka. Tulikaa tukisikiliza hatua zake kwenye kokoto. Mwisho Ojiambo akasema basi, abaki, ila mzazi asilazimishwe. Mwalimu mkuu ameniandikia barua ya onyo. Nimeisaini bila kuisoma.

Alhamisi, 3 Julai

Nilienda jikoni mapema kabla ya gwaride. Alikuwa anachagua maharagwe. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikaishia kusema, "Dada, nisamehe."

Hakuacha kuchagua. "Ile siku nyuma ya choo," akasema, "nilikufunika sweta."

"Ndiyo."

"Ukaacha nikufunike."

Mwiko ulikuwa umeegemezwa ukutani, nikaunyooshea mkono, sijui nilitaka kufanya nini, labda kuuosha. Akainuka akauchukua kabla sijaufikia.

"Mwalimu, hapa ni mahali pa kazi."

Jumatatu, 7 Julai

Watoto waliokula jikoni leo ni wachache sana. Chakula kilibaki, Anjeline akakimwaga mwenyewe. Nilimwona kutoka dirishani, sufuria ameikumbatia.

Jumanne, 8 Julai

Nimeacha kikopo cha kabichi nyumbani. Saa sita niliingia foleni ya watoto na sahani, nikiwa wa mwisho. Walimu wakachungulia kutoka ofisini. Anjeline aliniona nikikaribia na uso wake haukubadilika. Alinipimia sawa na mtoto yeyote. Nikakaa uwanjani kwenye nyasi mbichi, mahali ambapo kila mtu ananiona, nikala ugali wote na maharagwe yote. Nilikuwa nimesahau jinsi ugali wa moto unavyokuwa.

Nilivua sweta pia, mchuzi usiichafue. Watoto waliangalia mikono yangu. Nikawaacha waangalie.

Jumatano, 9 Julai

Tena.

Ijumaa, 11 Julai

Tena. Watoto wawili wa Gredi ya Tatu walikuja na vikopo vyao wakakaa kando yangu. Mmoja akauliza kama inauma kula ya jikoni. Nikamwambia haiumi, chumvi tu imezidi kidogo leo. Akachovya kidole kwenye mchuzi wangu, akafikiri, akaenda foleni.

Jumamosi, 19 Julai

Olinga amepita na lori, amelala nyumbani usiku mmoja. Aliniangalia nikipakua chakula akasema nimeanza kurudi. Nilimwambia, "Na wewe ukapime." Alicheka. Sikucheka. Asubuhi, kabla ya kuvuka kwenda Tororo, alisimama kwenye kituo cha afya, akanitumia picha ya karatasi. Hana. Nilikaa nayo muda mrefu, kisha nikamjibu kwa dole gumba.

Alhamisi, 24 Julai

Foleni leo ilifika mlingoti. Omuse bado anakuja na chupa yake.

Nisidanganye. Kila asubuhi bado nauinua mkono mbele ya kioo na kila asubuhi bado naona aibu. Nilidhani aibu kubwa ingeifukuza ndogo. Zinakaa zote mbili, nyumba moja. Ninasukuma ukuta bado, jioni, kwa sababu mgongo hauniumi tena na ninalala vizuri. Namba sizitafuti.

Ijumaa, 1 Agosti

Tumefunga. Mvua imepungua, uwanja umekauka. Watoto walipewa chakula cha mwisho saa tano ili wawahi nyumbani, na foleni ilikuwa ndefu kuliko siku yoyote tangu yale yatokee. Nilisimama katikati, watoto mbele na nyuma, wanasukumana, wananikanyaga.

Nilikuwa nimepanga kumwambia kitu, kwa kuwa hatutaonana hadi muhula ujao. Kwamba niliyoyasema mkutanoni nilipaswa kumwambia yeye kwanza, mapema. Kwamba sitarajii aniite dada. Nilikuwa nayo mdomoni nilipofika.

Anjeline alikata ugali, akauweka katikati ya sahani yangu. Akachota maharagwe, akatikisa upawa, akaongeza kidogo kama anavyowaongezea wote siku ya kufunga. Nikasema, "Anjeline."

Aliniangalia, mara moja, sawasawa, wala hakukunja uso. Kisha akatazama juu ya bega langu, kwa mtoto aliyekuwa nyuma.

"Anayefuata," akasema.

Nikasogea.